Muulize Fundi: Maji yanadondoka mguuni, tundu liko juu ya paa

Mwezi huu karibu barua zote ni za kuvuja, naona mvua zimewakamata watu. Nimechagua chache, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndo inayobeba zingine.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina lori la zamani la mwaka 1978, kebini bado imesimama vizuri na injini haina shida, shida yangu ni maji. Mvua ikinyesha au hata nikiliosha tu, maji yanadondoka kwenye mguu wangu wa kushoto pale kwenye pedeli ya klachi, tone moja moja, mpaka nikaanza kuendesha na viatu vya mpira. Fundi wa kwanza akasema ni raba ya kioo cha mbele, nikanunua mpya, bado. Wa pili akasema raba haikukaa, akaitoa akairudisha na gundi juu, bado. Sa wa tatu anasema ni ule mfereji wa paa unaopita juu ya mlango, nimpe hela apige silikoni yaishe. Kabla sijampa naomba kujua, ule mfereji si uko nje kabisa? Unavujaje ndani? – Dereva Mguu Maji

JIBU: Marahaba. Swali lako la mwisho ndo lenyewe, na ungewauliza hao mafundi wawili wa mwanzo pengine ungeokoa hela ya raba.

Watu wengi wanadhani ule mfereji ni kama gata la nyumba, yaani kitu kimetengenezwa pembeni afu kikabandikwa kwenye kebini. Sivyo. Kwenye malori mengi ya zamani bati la paa linashuka kutoka juu, bati la ubavu wa kebini linapanda kutoka chini, yanakutana pale juu ya mlango, yote mawili yamekunjwa mdomo kwa nje, mdomo mmoja umelala juu ya mwenzake, kiwanda kikayashika kwa nukta za weldi. Nukta, sio mstari. Kati ya nukta moja na nyingine yale mabati yamegusana tu, hayajashikana. Kiwanda kikajaza silanti, yaani ule ujiuji wa kuzibia unaokauka kama raba, kwenye hayo maungio, kikapiga rangi juu, basi. Kwahiyo sakafu ya mfereji wako ndo maungio ya paa na ubavu, na ng'ambo ya hayo maungio ni ndani ya kebini. Kinachozuia mvua isiingie ni ile silanti peke yake.

Sasa hesabu miaka. Imepigwa jua, imepigwa baridi, kebini inajinyonga kila tairi moja likiingia shimoni, silanti inakauka inakuwa ngumu kama ukucha, inanywea, inaachana na bati upande mmoja. Ufa wake unaweza usiuone kwa macho, na hauhitaji kuwa mkubwa, maana maji yaliyokaa kwenye mfereji yananyonywa na ule ufa kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, hata bila msukumo wowote.

Yakishaingia hayadondoki hapo hapo. Yanaingia kwenye ile nguzo ya pembeni ya kioo, nguzo iko wazi ndani kama bomba, yanateremka taratibu mpaka nyuma ya dashibodi, huko yanakutana na fungu la waya, na maji yakipata waya yameshapata barabara, yanaufuata mpaka pale unapolegea chini kuliko kote ndo yanaachia. Kwako ni kwenye pedeli. Kwa mwingine ni juu ya boksi la fyuzi, huyo atakwambia gari lina shida ya umeme na hatataja mvua kabisa.

Lakini usiniamini mimi kama ulivyowaamini wale, pima kwanza. Toa kapeti yote upande huo, ukiweza legeza na silingi ya kebini uone chuma cha ndani, kausha kwa kitambaa. Mtu mmoja akae ndani na tochi, wewe uwe nje na mpira wa maji, na maji yatoke kwa kumwagika tu, usibane mdomo wa mpira yaruke, ukirusha kwa nguvu utapata uvujaji ambao mvua haiwezi kuuleta. Anzia CHINI. Wengi wanakosea hapa, wanaanza juu ya paa, maji yanashuka yanapita kila mahali, mtu wa ndani anapiga kelele "naona maji!" na hujui yameingilia wapi. Mwaga chini ya kioo kwenye matundu ya kuingizia hewa, dakika tano. Kimya? Panda kwenye kona ya chini ya kioo, dakika tano. Ubavu wa kioo. Juu ya kioo. Mfereji uwe wa mwisho, na mfereji wenyewe ugawe vipande kwa kuuziba na tepu, ufungue kipande kimoja kimoja. Na uwe na subira, maji yana safari ndefu, yanaweza kuchukua dakika kadhaa kutokea, ukiharakisha utamshtaki mtu siye.

Kama una kompresa kuna njia nyingine naipenda zaidi kwa sababu hailowanishi ndani: paka maji ya sabuni kwenye mfereji kwa nje, mwenzako apulize upepo kwa ndani kando ya maungio, pole pole. Penye ufa patatoa povu dogo dogo.

Ukishajua ni mfereji, kazi sasa.

Silanti yote ya zamani itoke. YOTE, sio ile iliyopasuka tu, maana iliyo nzima leo ina umri sawa na iliyokufa. Ipashe moto kidogo na ile hita ya hewa moto italainika, afu ichokonoe na bisibisi bapa ya zamani ambayo ncha yake umeisaga kidogo iwe butu isichimbe bati. Malizia na brashi ya waya. Vaa maski ya vumbi ya kueleweka, na moto usiuzidishe mpaka rangi ianze kuungua, rangi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na madini ya risasi ndani yake na sio kitu cha kuvuta. Hii hatua inachosha kuliko zote, utaumwa mabega, na ndo hatua ambayo mafundi wanairuka.

Hapo utakutana na kutu. Ya juu juu inatoka kwa brashi na msasa. Iliyoingia ndani ya maungio brashi haifiki, paka dawa ya kutu, zile zenye tanini zinaigeuza inakuwa nyeusi na ngumu, zile zenye asidi ya fosforiki ni lazima ufuate kopo linavyosema kuhusu kuosha, maana asidi ikibaki praima, ile rangi ya kwanza ya chini, haitashika. Afu acha pakauke kweli kweli. Nimeona watu wanaosha asubuhi mchana wanapiga silanti, wameyafungia maji ndani ya maungio kwa mikono yao wenyewe.

Pakikauka, futa na thina kwa kitambaa safi, piga praima ya epoksi. Silanti haipendi bati tupu, inashika vizuri zaidi juu ya epoksi, na epoksi yenyewe ndo inayofunga bati lisipate kutu tena. Ikikauka ndo unaweka silanti ya bodi ya gari, ya poliurethani, au zile za kuchanganya makopo mawili. Kuna aina ya makopo mawili inajilaza yenyewe kama maji ya uji, hiyo kwa mfereji ni raha tupu, unaimimina inatafuta usawa wake, ila lori liwe limesimama sehemu tambarare na uzibe ncha za mfereji na tepu isitoroke. Kama ni ya poliurethani ya kopo moja, vuta mstari mwembamba ndani ya maungio, isindikize na brashi ndogo ngumu iingie, usiijaze. Inakauka kwa unyevu wa hewani kuanzia juu kwenda ndani, kwa kawaida milimita mbili tatu kwa siku, kwahiyo ukimwaga donge nene la milimita sita juu litakuwa gumu na tumboni bado bichi, utapiga rangi juu yake na rangi itakunjamana. Vaa glavu na ufanyie penye hewa. Mwisho ipige rangi, usiiache uchi, jua litaila.

Sasa silikoni. Mi niliipiga. Miaka ya mwanzo kabisa ya ufundi, lori la mteja, mfereji unavuja, nikakata mdomo wa tyubu nikavuta mstari mzuri mweupe kutoka mbele mpaka nyuma, nikalainisha kwa kidole chenye mate, kebini nzima inanuka siki, mteja akafurahi na mimi nikafurahi. Baada ya mvua za msimu mmoja akarudi. Nikashika ncha ya ile silikoni kwa vidole viwili nikavuta, ikaja yote kama mnyoo, mzima mzima, bila kukatika. Haikuwa imeshika chochote. Chini yake kulikuwa na mstari wa kutu nyekundu, mbichi, umelowa, na siku hiyo hata mvua haikuwepo. Ile harufu ya siki ni asidi kweli, silikoni za aina hiyo zikiwa zinakauka zinaitoa na inakula chuma tupu, afu ilipoachia pembeni ikawa inaingiza maji na kuyafunika yasikauke. Mbaya zaidi nilipotaka kupiga rangi, rangi ikawa inakimbia, inaacha vijicho kama macho ya samaki, mafuta ya silikoni yamebaki kwenye bati na kuyatoa ni kazi ya kusugua na kufuta, kusugua na kufuta. Kwahiyo huyo fundi wa tatu tatizo amelijua, tena mpe heko, ila dawa yake mwambie abaki nayo.

Kitu kimoja kabla sijakuacha: chini ya kapeti kuna lile guni la kuzuia kelele. Limekunywa maji miezi yote hiyo. Litoe, hata kama juu linaonekana kavu likamue uone. Usipolitoa sakafu itaendelea kuoza na mfereji ukiwa mzima kabisa.

SWALI: Fundi habari. Mimi nilichokonoa mfereji wangu kama mnavyoshauri siku zote na bisibisi ikapita upande wa pili, sasa nina matundu matatu, moja linaingia kidole. Fundi wa weldi anasema achomelee mfereji wote mstari mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, nisahau mambo ya silanti maisha yangu yote. Inavutia. Nimkubalie? – Bisibisi

JIBU: Usimkubalie. Pole kwa matundu lakini afadhali umeyaona, hayo hayakutengenezwa na bisibisi, yalikuwepo yameshikiliwa na rangi.

Bati la paa ni jembamba, mara nyingi linacheza kwenye milimita moja au pungufu, na paa ni pana, halina kitu cha kulishika katikati. Ukipitisha moto mstari mmoja mrefu pembeni yake, bati linatanuka, likipoa linajivuta, paa lako litakuwa na mawimbi na likianza kupiga "kong" kila ukifunga mlango ndo utajua. Na hata akiwa fundi hodari, weldi ya mstari mrefu kwenye bati la kutu inaacha vitundu vidogo, kwahiyo silanti utaihitaji tu, umebaki na silanti ile ile na paa lililopinda.

Akate sehemu zilizooza peke yake mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa, atengeneze viraka vya bati la unene ule ule, avikunje vifuate umbo la mfereji, avishike kwa nukta. Nukta moja hapa, nyingine kule mbali, arudi katikati, aache papoe mpaka aweze kuweka kiganja. Kama ni weldi ya gesi na waya, waya mwembamba wa milimita 0.6 au 0.8. Fundi akiwa na haraka ya kumaliza kabla ya jioni, mwambie aje kesho.

Na silingi, viti na lile guni vitoke KABLA hajawasha mashine. Betri ichomolewe. Mtu mmoja akae ndani na mtungi wa kuzimia moto akiangalia, sio akichezea simu, na baada ya kazi mkae tena kama saa nzima hapo hapo. Cheche ikiingia kwenye nguzo ikakuta uchafu na manyoya ya panya, haiwaki hapo hapo, inafuka kwanza.

Akimaliza rudi kwenye jibu la juu: safisha, epoksi, silanti, rangi. Ukiongeza nta ile ya kupuliza ndani ya nguzo kwa mrija mrefu itakuwa vizuri, maana nyuma ya weldi rangi imeungua na hamna brashi itakayofika huko.

SWALI: Mambo fundi. Nilitengenezewa mfereji, hauvuji ndani tena, ila sasa mvua ikinyesha nikifungua mlango maji yote ya paa yananimwagikia begani. Zamani haikuwa hivi. Inahusiana?

JIBU: Poa. Inahusiana sana, fundi wako ameujaza. Weka kidole kwenye mfereji, kama hakizami basi huna mfereji tena, una ukingo. Kazi yake ni kupokea maji ya paa na kuyapeleka mbele na nyuma ya mlango, ukishajaa silanti na puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi, yanapita juu moja kwa moja mpaka begani kwako. Angalia na zile ncha mbili, wengi wanazifunga na silanti wakidhani ni tundu la kuvuja, kumbe ndo mlango wa kutokea maji, na maji yakisimama mle siku nzima ndo utambi niliousema unaanza upya. Punguza kwa kisu chenye ncha mpaka upate kina, bila kugusa ile iliyo ndani kabisa ya maungio, afu rangi.

SWALI: Puti ya kawaida ya bodi haiwezi kufanya kazi ya silanti? Ninayo kopo zima.

JIBU: Hapana. Puti ikikauka ni kama jiwe, kebini ikijinyonga inapasuka, na yenyewe inanyonya unyevu. Lihifadhi hilo kopo kwa ajili ya mikunjo ya mlango.

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Nimefuata kila kitu ulichoandika toleo lililopita, nimetoa silanti yote, epoksi, silanti mpya ya makopo mawili, rangi, imechukua wikiendi mbili. Nimepima na mpira wa maji, mfereji haupitishi hata tone. Lakini mvua kubwa ikinyesha bado silingi inalowa katikati, juu ya kichwa. Nimekata tamaa, nataka nifunike kebini na turubai. – Wa Turubai

JIBU: Marahaba mwanangu, acha turubai. Umesema katikati, juu ya kichwa. Mfereji uko pembeni, ukivuja unalowanisha pembeni na nguzo, mara chache sana maji yatapanda mpaka katikati ya paa. Kwahiyo mfereji umeshapona, hiyo ni kesi nyingine imejificha nyuma yake.

Panda ngazi uangalie juu ya kebini yako. Kama ni lori la umri huo nina uhakika mkubwa utakuta zile taa ndogo za juu, tatu au tano, zimepangwa mstari. Kila moja ina matundu ya skrubu na tundu la waya lililopita moja kwa moja kwenye paa, na chini ya kila taa kuna kiraba chembamba ambacho kina umri sawa na silanti uliyoitoa. Fungua taa moja, kile kiraba kitavunjika mkononi kama biskuti. Kama kuna aeria ya redio au imewahi kuwepo, na pale pia.

Toa taa zote, sugua kutu kuzunguka matundu, epoksi kidogo na brashi, rangi, afu weka viraba vipya, ukikosa vya lori lako kata kwenye shiti ya raba laini ukifuatisha cha zamani. Skrubu usizikaze mpaka raba itoke pembeni, ikishatoka imeshakatika. Na kwenye waya weka kile kipete cha raba, usiache upite kwenye bati tupu, siku utakapochubuka taa zote za juu zitazima na utaniandikia tena.

Ukirudishia, mwaga maji kwenye taa moja moja kabla hujafunga silingi.